Kazi Yako Iliyokuwa Inasubiri Kangemi

Wanjiru, mama yangu,

Barua hii naiandika mwenyewe. Mwende, mwenzako wa ofisini, alitaka kuniandikia kwa kompyuta, nikamwambia aniache. Kalamu si nzito kuliko nyundo, na nyundo nimeishika tangu sijaota ndevu. Usicheke mwandiko. Shule niliacha darasa la pili, lakini katika kuta nilizojenga hakuna hata mmoja ulioanguka, na walimu wengi wanalala ndani yake.

Nakuita mama kama siku zote. Ulipewa jina la mama yangu, na mtu hamwiti mama yake kwa jina. Ulikuwa ukinigombeza mbele ya wenzako, "Baba, usiniite mama hapa, watafikiri nina miaka themanini." Nilikuita tu. Sasa hakuna mtu ninayemwita hivyo. Neno liko mdomoni, halina pa kwenda.

Hapa Kangemi tuko. Mpangaji wa chumba cha mbele alihama, akaja mwingine anayeuza viatu vya mitumba, mtu wa redio kubwa. Chai napika mwenyewe. Naweka sukari nitakavyo na hakuna anayeniambia daktari alisema nini. Nilidhani nitafurahia.

Lakini sikukaa chini nikuambie habari za chai. Kuna kazi yako uliyoiacha, na kuna kitu nilichoruhusu kifanywe juu yake, na ni lazima ukisikie kutoka kwangu, si kwa mtu mwingine.

Najua wewe ndiye uliyenifundisha haya yote. Nayarudia ili uone kwamba nilikuwa nasikiliza. Ulikuwa umesimama mlangoni na sahani ya githeri, ukasema, "Baba, ni kama mjengo." Mjini, ofisini kwenu kule River Road ghorofa ya tatu, kuna mashine moja ambayo ni mnyapara. Yenyewe haichanganyi simiti. Nyinyi mkiandika kitu, mnyapara anakichukua, anatazama ni kibarua yupi, yaani mashine ipi ya chini yake, amekaa bure, anamtupia. Kibarua mmoja anaunganisha vipande, mwingine anajaribu kama vimeshikana. Akimaliza anamrudishia mnyapara jibu. Duara la kijani, kazi ni sawa. Duara jekundu, kuna mtu ameharibu, na aliyeharibu ananunulia wote maandazi. Nikakuambia huyo mnyapara wenu ni mvivu kama wanyapara wote niliowahi kuwaona. Ukacheka mpaka githeri ikamwagika.

Na kibarua mmoja mkamleta kwangu. Chama cha maziwa kiliwataka mtengeneze programu isome uzito moja kwa moja kutoka kwa mizani, mkulima akiweka mkebe wake namba iingie yenyewe, karani asiandike kwa mkono wake mwepesi. Wakawapa mizani ya chuma ya kujaribia. Kule mjini basi likipita chini, sakafu ya mbao inatetemeka na mizani inasema uongo. Nakumbuka ulivyokuja jioni ile ukaketi bila kuvua viatu, ukasema, "Kuna sakafu moja tu Nairobi hii ninayoiamini." Nilijua ni ipi kabla hujamaliza. Sakafu ya kile chumba cha nyuma niliimwaga mimi, peke yangu, na ukimwaga maji juu yake maji hayajui yaende wapi.

Basi mkafunga antena juu ya mabati. Mkaleta kompyuta yenye kisogo kikubwa, ukaibandika karatasi yenye jina lake: Kangemi. Tangu hapo mnyapara wa mjini akiwa na kazi ya mizani, alimtumia Kangemi, si mwingine. Mimi nikiwa uani nikichonga mawe ya mtu, nilisikia feni ya ile mashine ikianza kuvuma ndani ya chumba, nikajua huko mjini umemaliza kuandika kitu. Nilikuwa nikiwaambia wapita njia, "Mnasikia? Huyo ni binti yangu, yuko River Road." Walidhani nimelewa, na mimi pombe niliacha kabla hujazaliwa.

Halafu siku ile ukatoka ofisini ukisema kichwa kinakuuma. Kichwa tu. Ulinipigia simu, nikakuambia kunywa maji, ulale, kichwa ni kichwa.

Hapo sitaandika. Unapajua.

Siku hiyo Kangemi yote haikuwa na stima tangu asubuhi. Iliporudi, watu walikuwa wameshaanza kuja nyumbani na viti vya kanisa vimeshapangwa uani. Nilienda kwenye kile chumba nikaitazama mashine. Kwa kawaida ningebonyeza kile kitufe ulichonionyesha. Sikubonyeza. Nikachomoa waya ukutani. Mwende alinung'unika baadaye, na mpaka leo nasema sikukosea. Kwa mjengo, fundi akifa, miiko yote inalazwa chini mpaka azikwe. Hata kama simiti imeshachanganywa, iachwe ikaukie kwenye karai. Tulikuwa Karen, tunajenga nyumba ya watu wakubwa, Kioko akaanguka akafa. Tukakaa chini. Mwenye nyumba akapiga kelele mpaka sauti ikaisha, tukamtazama tu. Sasa mimi niache kibarua afanye kazi ndani ya nyumba yangu na wewe hujalazwa? Akina mama wa kanisa wakaweka viazi na mchele kwenye kile chumba, na wakapika huko nyuma, sufuria kubwa kubwa. Watu walikula, mama. Ungekuwepo ungeshangaa ni wangapi wanaokujua.

Tulikuzika Limuru kando ya mama yako. Kaburi nililijenga kwa mikono yangu. Vijana walitaka kunisaidia nikawafukuza. Ni kaburi zuri. Watu wa maziko mengine waliacha maiti yao kidogo wakaja kulitazama.

Baada ya hayo nilienda mjini kuchukua vitu vyako, sweta, kikombe, vile viatu vya kubadilisha. Mwende akanikalisha kwenye kiti chako. Mbele yangu kulikuwa na skrini ya mnyapara, mistari mingi. Nikasoma polepole, mdomo ukitembea, kama ninavyosoma Zaburi. Mstari wa juu kabisa ulisema: Wanjiru. Inasubiri Kangemi.

Nikamwuliza Mwende hiyo ni nini. Unamjua Mwende, mdomo wake haufungwi, lakini hapo alisogeza kiti chake karibu kwanza. Akasema, "Mzee, ni kazi aliituma ile siku kabla aende nyumbani. Mnyapara ameishika. Hawezi kuipa mashine ingine, mizani iko kwako. Kangemi haimjibu, kwa hivyo anangoja."

"Atangoja mpaka lini?"

"Mpaka Kangemi iamke."

Nilirudi na sweta yako kwenye mfuko, nikafunga kile chumba kwa kufuli, ufunguo nikauvaa shingoni. Wewe ungeniuliza kwa nini, na ningekujibu kwa ukali, kwa hiyo ngoja nikujibu hapa. Ilikuwa kidole kimoja tu. Ningebonyeza, kazi ingepita, jina lako lingetoka kwenye mstari. Na hakukuwa na mahali pengine duniani ambapo wewe ulikuwa bado unasubiri kitu kutoka kwangu.

Mwende akaanza kuja. Kila akija analeta mkate, na baada ya mkate analeta maneno. "Mzee, washa tu." Nikamwambia panya wamekula waya. Akasema atanunua waya. Nikamwambia antena imeng'olewa na upepo. Akatoka nje, akaangalia juu, akarudi. Nikamwambia basi, ukweli ni kwamba ufunguo umepotea. Akanitazama kifuani akasema, "Na huo wa shingoni, Mzee, ni wa mbinguni?"

Nilimfukuza. Akarudi tena. Ni mkaidi yule msichana, sijui alifunzwa na nani.

Siku moja alikuja bila mkate. Akakaa kwenye jiwe ninalochongea, mikono katikati ya magoti. Akasema katibu wa chama cha maziwa amechoka kungoja, wakulima bado wanaandikiwa kwa mkono na wanalia wanapunjwa. Anasema heri atafute watu wengine, kwa maana huyo msichana wenu aliacha kazi nusu.

Mama, damu ilinipanda. Nusu? Binti yangu? Mimi sijawahi kuacha ukuta nusu, na wewe hujawahi kuacha hata ugali nusu. Nikavua ule ufunguo, nikafungua, nikachomeka waya, nikabonyeza kitufe kwa nguvu mpaka nikafikiri nimekivunja. Nikamwambia Mwende, "Mpigie huyo katibu sasa hivi. Mwambie akae karibu na simu asikie vizuri."

Mashine ikaamka. Feni ikavuma. Mwende akaweka simu sikioni akiongea na wale wa ofisini, nami nikasimama na kofia mkononi, sijui ni kwa nini niliivua. Akasema, "Mnyapara ameiona Kangemi." Halafu, "Ameituma." Halafu mimi nikasikia ile sauti niliyokuwa nikiisikia nikiwa uani. Nikafumba macho. Kwa muda ule ulikuwa River Road, unafanya kazi.

Feni ikatulia. Nikamwuliza, "Kijani?"

Akasema, "Nyekundu, Mzee."

Nilimwambia Mwende maneno ambayo sitayaandika. Nikamwambia mashine yenu imeoza, mnyapara wenu ni mlevi. Yeye alikuwa ameinama pale chini kwenye mizani. Akauliza, "Mzee, jiwe liko wapi?"

Unakumbuka uliponiomba jiwe? Ulitaka kitu kikae juu ya mizani kila wakati, uzito wake usibadilike, ili programu iwe na namba ya kujilinganisha nayo. Nilikuchongea lile la pembe nne, laini kama sabuni, ukalipima, namba yake ukaiandika ndani ya kazi yako. Sasa juu ya mizani kulikuwa na nusu gunia la viazi, vimeota machipukizi, na jiwe halikuwapo.

Tulilipata huko nyuma. Wale akina mama walipopika chakula cha matanga, sufuria kubwa ilihitaji mafiga imara, mmoja wao akaona jiwe zuri limekaa bure juu ya chuma. Lilikuwa pale na mafiga mengine mawili, jeusi tititi, pembe moja imepasuka kwa moto na kipande kimekwenda. Mwende alicheka mpaka akakaa chini kwenye jivu. Akasema, "Kazi ya Wanjiru imeangushwa na wali wa matanga yake!" Halafu akalia. Mimi sikulia. Nililiosha jiwe.

Tukalirudisha juu ya mizani, tukamwambia mnyapara atume tena. Nyekundu. Lilikuwa limepungua, kidogo tu, lakini programu yako ni kama mimi, haikubali kidogo tu.

Mwende akasema jambo ni rahisi, apime jiwe lilivyo sasa, aingize namba mpya mahali pa ile yako. Nikamwambia akithubutu kugusa namba yako asirudi Kangemi. Nitachonga jiwe lingine. Mimi ndimi niliyechonga lile, nitachonga lingine na litafika kwenye namba yako kama lilivyofika la kwanza. Fundi gani anashindwa na jiwe?

Mama, mikono si ile. Sikukuambia ulipokuwa hai kwa sababu hukuuliza. Jiwe unaweza kulipunguza, huwezi kulirudishia. Nilianza na kubwa, nikapunguza, nikalipima, nikapunguza, patasi ikateleza, kipande kikaruka, likawa jepesi. Nikachukua lingine. Macho nayo, vumbi likiingia sioni mstari. Mwende alikuwa akija baada ya kazi, anakaa juu ya ndoo, anaona yale niliyoyaharibu yamepangwa ukutani. Akanyanyua moja akasema, "Hili, Mzee, ni la kusagia pilipili." Akanyanyua lingine. "Na hili ni la kumpiga katibu." Nikacheka, sikutaka, lakini nilicheka. Nikalichukua jiwe jingine tena, na mkono ukakataa kufunga. Nyundo ikaanguka yenyewe. Tukaitazama wote wawili pale chini.

Aliokota nyundo akaifuta na leso yake, akaiweka kando. Akasema pole pole, "Mzee, kazi yake haiko kwa hiyo namba. Kazi yake ni hiyo ingine yote. Namba ni jiwe tu."

Nikafikiria wale wakulima wamesimama na mikebe yao alfajiri, karani anawapunja kwa kalamu yake. Wewe ulikuwa ukiwahangaikia hao, hukuwa ukihangaikia jiwe.

Nikamwambia, "Andika."

Akauliza, "Nibadilishe? Kweli?"

"Nimesema andika. Unataka nikuimbie?"

Hicho ndicho nilichotaka ukisikie kutoka kwangu. Namba yako haipo tena ndani ya ile programu. Iliyopo ni ya jiwe lililopikiwa matanga yako. Aliyebadilisha ni Mwende, lakini aliyeruhusu ni mimi, na kama kuna lawama nilaumu mimi, mwache mtoto wa watu.

Mnyapara akatuma. Kangemi ikavuma. Mwende akaninyooshea simu yake nisikie mwenyewe, na huko ofisini walikuwa wanapiga kelele kama watu wameona mwezi, nikajua ni kijani kabla sijaambiwa. Katibu alikuja mwenyewe kuitazama mizani. Nilimwonyesha sakafu pia. Nilimkalisha chini nikamweleza wewe ni nani tangu ulipozaliwa, mpaka akaomba ruhusa ya kwenda.

Na jina lako likatoka kwenye mstari. Nilijua litatoka.

Siku hizi kibarua wangu anafanyia kazi watu wote. Feni ikivuma naweza kujiambia huyo ni Mwende, au yule Otieno wenu mwembamba, lakini kwa kweli sijui ni nani. Mimi naendelea na shughuli zangu. Siwaambii wapita njia kitu.

Sasa sikiliza jambo la mwisho, nalo nakuambia kwa sababu huwezi kumwambia mtu. Stima ikipotea hapa, Kangemi inanyamaza, na mnyapara huko mjini anamwandikia Mwende kwamba Kangemi haijibu. Basi Mwende ananipigia. "Mzee, Kangemi imenyamaza. Uko sawa?" Namwambia stima imeenda. Anauliza nimekula nini. Namwambia. Anauliza kama magoti yanauma. Namwambia magoti ya fundi hayaumi. Tunaongea mpaka salio linaisha.

Juzi stima ilikuwepo. Ilikuwa tangu Jumapili sijaongea na mtu isipokuwa yule wa viatu, na yeye ni "habari" na "nzuri" basi. Nilienda kwenye kile chumba, nikachomoa waya, nikakaa juu ya ndoo na simu mkononi.

Ikalia. "Mzee, Kangemi imenyamaza. Uko sawa?"

Nikasema stima imeenda. Na redio ya yule wa viatu, inayotumia stima hiyo hiyo, inapiga kwaya ukuta wa pili, mama, kwaya nzima na kinanda, kila kitu kinasikika. Nikajua Mwende amesikia. Akasema tu, "Haya, Mzee. Umekula nini?"

Nikamwambia viazi. Hakunicheka. Jumamosi akaja, hakukuwa na shida yoyote ya mashine, akakaa mpaka jua likashuka.

Lala, Wanjiru. Umefanya kazi ya kutosha, na hao uliowaacha wanaijua, ingawa kwa kukata mawe hawafai. Mimi nakuahidi kitu kimoja, na unajua ahadi yangu ni kama msingi wangu. Sitachomoa ule waya tena. Nikitaka kusikia sauti ya mtu, nitachukua simu nipige mwenyewe, niseme ni mimi.

Baba yako,
Fundi Kariuki